Uzi: Kutazama anga la usiku kutoka Arusha na Moshi, na maswali linayotuachia

Nyotani (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kuna jambo kuhusu eneo letu ambalo naona halisemwi vya kutosha. Arusha na Moshi ziko nyuzi 3 na kitu kusini mwa Ikweta, kwa hiyo ndani ya mwaka mmoja karibu anga lote, la kaskazini na la kusini, linapita juu yetu. Mtu wa London hawezi kuuona Msalaba wa Kusini akiwa kwao hata akikesha maisha yake yote. Sisi tunauona, na Dubu Mkubwa, kundi la nyota la kaskazini, tunamwona pia. Mwishoni mwa Mei masika yakikatika, simama Moshi mahali penye giza saa tatu usiku. Kusini utaona Msalaba umesimama wima. Geuka kaskazini, utamkuta Dubu Mkubwa amening'inia kichwa chini juu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Zile nyota zake mbili za ukingoni, ambazo watu wa kaskazini huzifuata ili kuipata Nyota ya Kaskazini, hapa zinaelekeza chini, moja kwa moja mlimani. Nyota yenyewe iko nyuma ya mlima, nyuzi 3 chini ya upeo. Haionekani, lakini mlima unakuonyesha ilipo.

Naomba uzi huu tuujaze mambo mawili kwa pamoja: namna ya kutazama vizuri, na tunachokifikiri tukishatazama. Kwa maoni yangu haya hayatengani. Anayetazama kwa haraka huona vidoti tu, na vidoti havimwulizi mtu swali.

Naanza na macho, maana ndicho kifaa cha kwanza. Jicho linahitaji dakika 20 hadi 30 gizani ndipo lifunguke sawasawa. Ukiangalia simu hata kidogo, unaanza kuhesabu upya. Tochi ifunikwe kwa nailoni nyekundu, tabaka mbili au tatu, mpaka mwanga uwe hafifu kiasi cha kuweza kusoma tu. Kitu hafifu usikikazie macho, tazama pembeni yake kidogo. Katikati ya jicho kuna chembe zinazoona rangi na mambo madogo mchana. Zile za gizani zimezunguka pembeni.

Kwa mwezi, kalenda ya Kiislamu inatosha. Kuanzia tarehe 26 hadi tarehe 3 ya mwezi unaofuata, karibu usiku wote ni wako. Baada ya mwezi mpevu, mwezi huchelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50 kila siku, kwa hiyo kufikia tarehe 20 una saa kadhaa za giza kabla haujatoka. Huku kwetu jua likizama giza halichelewi: dakika 70 au 75, anga limeiva.

Mpanda_Shira

Uzi mzuri sana mkuu. Naongezea mahali.

Mjini kote, Arusha na Moshi, taa zinakula Njia Nyeupe, ule ukanda hafifu wa nyota unaokatiza anga. Toka angalau kilomita 30, na uhakikishe upande unaotaka kuutazama haupiti juu ya mji. Ukitaka kusini, kaa kusini mwa mji, siyo kaskazini mwake. Hili watu wengi hulikosea. Tambarare za Simanjiro ni nzuri kwa sababu upeo uko wazi pande zote. Magharibi ya Kilimanjaro, kuanzia Sanya Juu kuelekea Ol Molog, ni pakavu kuliko upande wa Moshi, maana mlima unazuia mvua. Ziwa Natron ni giza tupu, ila joto.

Milima nayo ina hesabu yake. Kutoka Moshi mjini, Kibo inafunika kama nyuzi 9 za upeo wa kaskazini. Kutoka Arusha, Meru inafunika kama 12. Kwa kipimo cha mkono: nyoosha mkono, ngumi moja ni nyuzi 10, kidole kidogo ni nyuzi 1, vidole vitatu vya kati ni 5.

Wingu ndilo adui mkubwa. Juni hadi Agosti watu hudhani kiangazi ni anga safi, kumbe miteremko ya kusini ya Kilimanjaro na Meru hushikwa na wingu siku nzima na usiku pia. Usikate tamaa ukaondoka eneo hilo kabisa. Shuka tambarare, au zunguka magharibi. Ukiwa Shira, uwanda wa juu wa Kilimanjaro, zaidi ya mita 3,500, mara nyingi wingu linabaki chini yako kama bahari, lakini huko maji huganda usiku, kwa hiyo nguo za baridi siyo jambo la kujadili.

Na hili nalisema kwa uzito: magharibi ya Kilimanjaro na Simanjiro ni njia za tembo na nyati. Usisimame peke yako porini gizani. Tafuta kambi au boma lenye wenyeji, omba ruhusa, tazama ukiwa ndani ya uwanja wao.

Fundi_Lenzi

Vifaa sasa, kwa sababu watu wengi hupoteza hela hapa.

Kwa anayeanza, nunua darubini ya macho mawili ya 10x50 au 7x50. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Kwa nyota, namba ya pili ndiyo inayokusanya nuru. Kimbia zile zenye lenzi nyekundu kama kioo cha taa ya nyuma ya gari. Zinarudisha nuru badala ya kuipitisha. Kimbia pia za kuzuumu. Ukinunua mtumba, fanya vipimo vitatu dukani. Tazama nguzo ya mbali: ukiona nguzo mbili, prizimu (vioo vya ndani) zimehama, iache. Igeuze, mulika tochi kutoka upande mmoja na uchungulie upande wa pili: ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, na kuvu hula koti la lenzi, haifutiki. Mwisho zungusha gurudumu la fokasi, lisiwe linacheza.

Ukishaipata, usiishike hewani. Lala chali kwenye mkeka, viwiko chini, au iegemeze ukutani. Kwa 10x50 iliyotulia utaona miezi minne ya sayari ya Mshtarii (Jupiter, wengine mmeisoma shuleni kwa jina la Sumbula) kama nukta zilizopangana mstari mmoja. Pete za Zohali (Saturn) hazitaonekana. Kwa hizo unahitaji ukuzaji wa 25 au zaidi, yaani darubini ya kusimama.

Darubini ya kusimama: boksi likiandikwa kwa herufi kubwa "mara 525", liache dukani. Ukuzaji wa mwisho wenye maana ni mara mbili ya kipenyo kwa milimita. Darubini ya milimita 70 mwisho wake ni 140, tena hewa ikiwa tulivu. Juu ya hapo unakuza ukungu.

Sasa jambo linalotuhusu sisi wa karibu na Ikweta. Darubini nyingi huja na stendi ya kiikweta, ile yenye mzani wa kusawazisha, ambayo mhimili wake lazima uelekee ncha ya anga, yaani pale nyota zinapoonekana kuzungukia. Kwetu ncha ya kusini iko nyuzi 3 tu juu ya upeo, kwa hiyo mhimili unatakiwa ulale karibu mlalo kabisa. Stendi nyingi hazishuki hapo, na zinazoshuka, mzani hugonga mguu wa stendi. Na hakuna nyota angavu ya kulengea. Mtu anahangaika mwezi mzima anadhani kosa ni lake, kumbe kifaa kimetengenezewa Ulaya. Chukua ile ya kioo inayokaa kwenye boksi la mbao na kuzunguka juu-chini, kushoto-kulia. Ya milimita 150 yenye urefu wa fokasi milimita 1,200, ukiweka jicho (lenzi ndogo ya kuchungulia) la milimita 25 unapata mara 48 (1,200 gawa kwa 25), jicho la 10 unapata mara 120. Itoe nje nusu saa kabla ili kioo kipoe, la sivyo picha inatetemeka kama unatazama juu ya jiko la mkaa.

Kuhifadhi: mkoba mkavu wenye vifuko vya silika. Vumbi kwenye kioo cha ndani liache. Kufuta kunaharibu kuliko vumbi lenyewe.

Jicho_la_Moshi

Kwa wapiga picha, kwa ufupi.

Lenzi pana, tundu wazi kabisa (f/2.8 ukiwa nayo), ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) 3200. Muda wa kuacha wazi: kuna kanuni ya kugawa 500 kwa urefu wa fokasi wa lenzi kwa milimita, upate sekunde, lakini hapa kwetu nyota za ikweta ya anga (mstari wa angani ulio juu ya Ikweta), ambazo ndizo zinazokwenda kasi kuliko zote, zinapita utosini, na sensa za sasa ni kali. Gawa 300. Lenzi ya 20 inakupa sekunde 15. Kamera ya sensa ndogo, zidisha lenzi kwa 1.5 kwanza: lenzi ya kawaida ya 18 inakuwa 27, basi sekunde 11, na kwa kuwa tundu lake ni f/3.5, panda ISO 6400.

Fokasi ndiyo inayoua picha nyingi. Ile alama ya "mbali kabisa" kwenye lenzi usiiamini. Zima fokasi ya kujiendesha, kuza nyota angavu kwenye skrini mara 10, zungusha taratibu mpaka iwe nukta ndogo kuliko zote, halafu bandika selotepu kwenye pete ya lenzi. Zima kitulizi cha mtikisiko kamera ikiwa kwenye stendi, chenyewe kinatikisa. Tumia taima ya sekunde 2.

Umande: lenzi ikianza kufifia katikati ya usiku siyo wingu, ni umande. Chunguza kila robo saa kwa tochi nyekundu. Ukirudi ndani kwenye joto, kamera ibaki kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa mpaka ipate joto la chumba, vinginevyo maji yatatanda kwenye lenzi na hata ndani yake.

Kitovu cha Njia Nyeupe, pale kati ya Nge na Mshale, kinafika juu kabisa saa tatu usiku katikati ya Agosti, kama nyuzi 64 juu ya upeo wa kusini. Ulaya ya kaskazini kinakwaruza upeo tu.

Kijana_wa_Usa

Naomba kuuliza wataalamu. Nasikia nyota nyingi tunazoziona zilishakufa zamani, tunaona nuru tu. Kama ni hivyo, si tunatazama makaburi?

Mwl. Anga

Kijana wangu, swali zuri, ila sehemu ya kwanza siyo kweli, na ni muhimu kuirekebisha kwa sababu imesambaa sana.

Nuru inakwenda kilomita karibu 300,000 kwa sekunde, na mwaka wa nuru ni umbali inaokwenda kwa mwaka mmoja. Nyota unazoziona kwa macho matupu karibu zote ziko ndani ya miaka elfu chache ya nuru. Alfa Centauri, ile angavu kuliko zote jirani na Msalaba, iko miaka 4.4 ya nuru. Shira (Sirius, siyo Shira ya mlimani), nyota angavu kuliko zote usiku, 8.6. Kwa upande mwingine nyota huishi mamilioni ya miaka, nyingine mabilioni. Ukimwona mzee barabarani jana jioni, huna sababu ya kudhani leo amefariki. Nyota za usiku wa leo karibu zote zipo.

Lakini sehemu ya pili ya swali lako ina uzito. Kweli tunatazama zamani. Hata Kilimanjaro ukiutazama kutoka Arusha, umbali wa kama kilomita 80, unauona ulivyokuwa robo ya elfu moja ya sekunde iliyopita. Mwezi ni sekunde 1.3. Jua dakika 8 na sekunde 20. Kilimia, lile kundi dogo la nyota, ni kama miaka 440: nuru unayoipokea leo iliondoka huko kabla Wareno hawajaanza kuijenga Ngome ya Yesu pale Mombasa mwaka 1593. Omega Centauri, lile fundo la nyota karibu milioni 10 linaloonekana kama nyota yenye ukungu saa tatu usiku mwanzoni mwa Juni, ni miaka 17,000 hivi. Vyote hivyo vinaingia jichoni mara moja. Kwa hiyo neno "sasa" linafanya kazi hapa chini tu, mezani, shambani, barabarani. Juu hakuna "sasa" moja. Anga unaloliona halikuwahi kuwepo lote kwa pamoja katika hali hiyo.

Sasa nifike ninapotaka. Galaksi (kundi kubwa mno la nyota) ya Andromeda ndicho kitu cha mbali zaidi ambacho watu wengi wanaweza kukiona kwa macho matupu: miaka milioni 2.5 ya nuru. Namba kama hiyo haishikiki kichwani. Lakini sisi wa huku tuna kipimo ambacho wengine hawana. Nyayo za Laetoli, za zamadamu waliokanyaga majivu ya volkano, zilizogunduliwa mwaka 1978 huko Ngorongoro, zina miaka milioni 3.66. Fuvu la Zinjanthropus, aliloliona Mary Leakey pale Oldupai tarehe 17 Julai 1959, lina miaka milioni 1.75. Zipangeni sasa. Wale waliotembea Laetoli walipita, majivu yakaganda, ikapita zaidi ya miaka milioni moja, ndipo nuru hii ikaondoka Andromeda. Ilipokuwa njiani miaka 750,000, Zinjanthropus alikuwa anatafuna mimea Oldupai. Nuru ikaendelea. Usiku wa Novemba inafika jichoni kwako, umesimama mwendo wa siku moja kwa gari kutoka ilipo nyayo hiyo. Ardhi yetu na anga letu vinasoma saa moja.

Mpanda_Shira

Mwalimu, hapo umenigusa. Ila kuna wanaosema ukishajua haya, binadamu anaonekana si kitu. Naona hoja hiyo ina nguvu. Ukiwa Shira usiku, Njia Nyeupe imetanda kutoka upeo hadi upeo, ni vigumu kuamini kwamba mambo yetu yana maana yoyote kwa kitu kikubwa kiasi hicho.

Mwl. Anga

Mkuu, sikubaliani, na nitaeleza kwa nini. Ukubwa na thamani havipimwi kwenye mzani mmoja. Mlima Meru ni mkubwa kuliko mtoto mchanga mara ngapi sijui, na hakuna mama aliyewahi kusita kati ya hivyo viwili. Kwa hiyo anga kuwa kubwa hakuthibitishi kwamba sisi hatuna thamani. Linathibitisha kwamba hatuko katikati, na hilo ni jambo jingine.

Halafu fikiria kinachotokea jichoni. Chembe ya nuru iliyosafiri miaka milioni 2.5 inamezwa na molekuli moja nyuma ya jicho lako, na hapo safari yake inaisha. Jirani aliyesimama hatua moja kutoka kwako amepokea chembe nyingine. Ile yako hakuna mwingine atakayeipata kamwe. Galaksi haijui kwamba iko mbali. Umbali huo unajulikana huku, kichwani mwa mtu aliyesimama kwenye majani yenye umande.

Mpanda_Shira

Kutokuwa katikati nakubali. La thamani bado nalitafakari, mwalimu. Mama anampenda mtoto, sawa, lakini hapo anayepima ni mama, siyo mlima. Mimi nauliza kama kuna anayepima zaidi yetu.

Mwl. Anga

Hilo darubini haijibu, mkuu. Hapo kila mtu anakwenda na imani yake, na swali lenyewe ni halali kabisa.

Bint Pangani

Habari zenu ndugu. Naongeza mawili ambayo wazee wa pwani waliyajua.

La kwanza, Kilimia. Msemo wa kale unasema: "Kilimia kikizama kwa jua, huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua, huzuka kwa jua." Jina lenyewe linatokana na kulima. Angalieni jinsi ulivyo sahihi. Jua hupita karibu na Kilimia tarehe 20 Mei hivi. Wiki chache kabla, kundi hili huzama upande wa magharibi mara baada ya jua kuzama, masika yakiwa yamepamba moto. Hupotea wiki tano sita, kisha huzuka alfajiri mashariki katikati ya Juni, mvua zimekwisha. Kimezama kwa mvua, kimezuka kwa jua. Waliousema hawakuwa na saa wala kioo. Walikuwa na subira ya kutazama mwaka baada ya mwaka na kukumbuka.

La pili, alfajiri ya uongo. Waislamu tunafundishwa kutofautisha alfajiri ya uongo, inayosimama kama mkia kuelekea juu, na alfajiri ya kweli inayotanda kwa upana wa upeo. Ile ya kwanza ni vumbi lililosambaa kati ya sayari, linamulikwa na jua. Karibu na Ikweta njia ya sayari husimama karibu wima, kwa hiyo sisi tunaiona vizuri kuliko watu wa Ulaya. Mahali pa giza, saa moja na nusu hivi kabla jua halijachomoza, tafuta mnara hafifu wa mwanga mashariki. Usiuchanganye na mwanga wa mji: wa mji hauondoki mahali pake, huu hupanda na nyota.

Fundi_Lenzi

Dada Bint Pangani, hili la alfajiri limenipa kazi mpya kabisa. Asante.

Kijana_wa_Usa

Asanteni sana, mwalimu hasa. Hiyo Andromeda nitaipataje? Nina 10x50 tu.

Nyotani

Inatosha kabisa. Mwisho wa Novemba, siku zisizo na mwezi, saa tano usiku. Vuli inaweza kukusumbua, kwa hiyo jipe siku nne tano za kujaribu. Mara nyingi mvua ya jioni ikishapita hewa inakuwa safi kuliko wakati wowote, vumbi lote limeoshwa.

Tazama kaskazini, kidogo kushoto. Tafuta nyota nne zinazofanya mraba mkubwa, upande wa magharibi. Kutoka kona ya mraba iliyo karibu zaidi na kaskazini, fuata mstari wa nyota kuelekea kulia: hesabu ya kwanza, ya pili. Ya pili ndiyo Mirach. Hapo simama na ushuke kuelekea upeo kupitia nyota mbili ndogo. Naandika "ushuke" kwa makusudi, maana ramani za nyota zilizochapwa Ulaya zitakuambia ukwee juu. Ukitazama kaskazini kutoka huku, ramani hizo zigeuze juu chini. Karibu na ile ndogo ya pili kuna ukungu mrefu kama alama ya pumzi kwenye kioo. Ndiyo yenyewe, kama ngumi nne juu ya upeo. Usiikazie macho.

Ukishaiona, geuka nyuma. Kusini, ngumi mbili juu ya upeo, kuna vipande viwili vya mwanga vinavyofanana na wingu lililobaki: kikubwa kushoto kidogo ya kusini halisi, kidogo kulia. Hayo ni Mawingu ya Magellan, galaksi mbili ndogo jirani zetu, miaka ya nuru kama 160,000 na 200,000. Kwenye lile kubwa ndiko nyota ilikoonekana kulipuka tarehe 23 Februari 1987, kwa mwanga ulioonekana kwa macho matupu.

Hakikisha kusini kwako hakuna miti wala taa. Ngumi mbili siyo juu sana, migomba inaziba. Na mkeka uwe na plastiki chini, Novemba majani yamelowa.